Kanga Kwenye Msumari wa Ukumbini

Zuhura hapigi simu kwa ajili ya kusalimia. Akinipigia najua kuna jambo, na jambo lenyewe atalisema kabla sijamaliza kusema haloo. Safari hii alisema, "Vene, arobaini ya mama ni Jumamosi. Kwenye mazishi hukuwepo, nimekusamehe kwa sababu ulikuwa nje ya nchi. Usipokuja na hii, sitakusamehe." Akakata. Nilibaki nimeshika simu ofisini kwangu, katika chuo ambacho mwakani ninastaafu, mbele ya mwanafunzi aliyekuwa ameniletea rasimu ya tasnifu yake. Aliniuliza kwa adabu kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na mwalimu wangu wa baiolojia. Ulikuwa uongo kidogo, maana Bi Mwanaidi, mama yake Zuhura, hakuwahi kukaa darasa la sekondari hata siku moja, lakini ulikuwa na ukweli zaidi ya mambo mengi niliyomfundisha binti yule mwaka mzima.

Mwaka ninaotaka kuukumbuka ni ule niliokaa nyumbani kwa Bi Mwanaidi, Isevya, mjini Tabora. Habari za kwetu Ulyankulu naziacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimefeli baiolojia ya kidato cha sita, na nyumbani walikubali nirudie mtihani mara moja tu, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikifeli tena, narudi kwenye tumbaku, mjadala umefungwa. Chumba nilitafutiwa na mfanyabiashara mmoja wa asali aliyekuwa akishonesha nguo kwa Mzee Seif, mume wa Bi Mwanaidi, fundi wa kanzu. Nilifika na sanduku la bati, debe la mahindi, na kitabu kimoja cha baiolojia cha mitumba ambacho mwenyewe wa kwanza alikuwa amekichana kurasa kadhaa, nadhani za kufungia karanga. Nilikuwa binti wa Kikatoliki aliyevaa rozari shingoni, naingia kwenye nyumba ya Waislamu wa mjini, na kwa siku tatu za kwanza niliogopa hata kukohoa. Siku ya nne Bi Mwanaidi aliniuliza kama huko kwetu watu huwa hawaongei au nimekatwa ulimi. Tangu hapo sikunyamaza tena.

Nyumba ilikuwa ya udongo mnene uliopakwa chokaa, kando ya barabara ambayo Mzee Seif aliapa ndiyo ile njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani kwenda Ujiji. Kila mzee wa mtaa ule aliapa hivyohivyo kuhusu barabara yake. Kama wote walisema kweli, basi wapagazi wale waliuzunguka mji mzima wakiwa wamepotea. Mbele palikuwa na baraza, kisha sebule yenye cherehani, kisha ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na mwisho mlango wa kutokea uani, kwenye jiko, banda la kuku na mlimao mmoja mkaidi usiozaa. Chumba changu kilikuwa kidogo kiasi kwamba nikitaka kufungua sanduku nilipanda kwanza kitandani. Kwa kuwa hakikuwa na dirisha la maana, Bi Mwanaidi aliniwekea meza ukumbini, karibu na mlango wa uani, penye mwanga. Pale ndipo niliposoma mwaka mzima. Nilisoma huku nanusa vitumbua asubuhi, na mchana migebuka, samaki walioletwa na treni ya Kigoma. Jioni tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Bi Tausi, wifi yake Bi Mwanaidi, aliyatafuna kwa upande mmoja wa mdomo huku upande wa pili ukitoa habari za mtaa. Nikijaribu leo kukumbuka mchoro wowote wa seli, harufu ya migebuka inakuja nao.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake wa kupokea wageni. Mgeni wa kiume akipiga hodi aliishia sebuleni. Hakuvuka kuja ukumbini, na Mzee Seif hakupaza sauti kuwaita wanawake. Alikohoa mara mbili tu. Zuhura, binti yao wa rika langu, aliyependa kukaa ukumbini akidarizi kofia, aliinuka, akachukua kanga moja nyekundu iliyofuliwa mpaka maandishi yakafutika, akaitundika kwenye msumari ubavuni mwa mlango wa uani. Basi. Bi Tausi pale mkekani uani akiiona alimwambia Bi Mwanaidi jikoni. Bi Mwanaidi alianza kupuliza mkaa, akamtuma huyu vikombe, yule maji, mwingine kwa jirani kuazima kashata, na kwa kikohozi cha mtu mmoja ungekuta watu sita wanahangaika. Na kanga ileile iliyowaamsha hao iliwatuliza wengine, maana wasichana waliozoea kukatiza ukumbini vichwa wazi walikoma kupita, na redio ilizimwa. Mzee Seif alisema mji wa Tabora umelelewa na wageni, kwa hiyo nyumba zake zimejifunza kumhudumia mtu vizuri bila kumfikisha jikoni.

Baada ya wiki mbili tatu nami nilipewa kazi. "Wewe Vene," alisema Bi Mwanaidi, "umekaa hapo mlangoni na vitabu vyako kama askari wa geti. Zuhura atatundika, wewe utatundua. Mgeni akitoka tu, kanga ishuke, watu wapumzike." Nikajibu, "Sawa, mama." Moyoni niliiona kazi ya kitoto. Kutundika kulikuwa na heshima yake, maana Zuhura aliinuka kwa madaha na kila mtu akaanza kwenda mbio. Kutundua hakuna aliyekutazama. Nilikuwa nanyoosha mkono kutoka kwenye kiti, naivuta kanga, naitupa begani mwa kiti, naendelea kusoma.

Jumamosi nilikwenda twisheni kwa Mwalimu Maganga, mstaafu mmoja mrefu aliyefundishia kwenye banda nyuma ya nyumba yake, na ambaye hakuwahi kumsifu mtu. Somo lililoniua mwaka uliotangulia lilikuwa lile la jinsi seli inavyopokea habari kutoka nje, na yeye alilianza na mbwa. Umefukuzwa na mbwa, alisema, mwili unamwaga adrenalini kwenye damu, adrenalini inafika kwenye seli ya ini. Haiingii. Inaishia mlangoni, kwenye kipokezi kilicho kwenye utando wa seli, na habari inapelekwa ndani na wengine. Humo ndani kuna vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kazi ya kinasi ni kuchukua kipande kidogo kiitwacho fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kukibandika kwenye protini nyingine. Kipande chenyewe si chochote ukikilinganisha na ukubwa wa protini, lakini kikishakaa, protini inabadilika umbo, na iliyokuwa imelala inaamka. Inayoamka nayo ni kinasi, inaamsha nyingi zaidi, na hizo zinaamsha nyingine, mpaka wanga uliohifadhiwa kwenye ini unavunjwa kuwa sukari na wewe unapata nguvu za kukimbia. Na fosfeti hiyohiyo ikibandikwa kwenye kimeng'enya kinachotengeneza akiba ya wanga, hicho kinalala, maana huu si wakati wa kuweka akiba.

Haya yote niliyakariri mpaka Zuhura naye akawa anaweza kuyasema. Nilijua kila hatua kwa zamu yake, kama mtu anayejua majina ya stesheni zote na hajawahi kupanda treni. Ulipobaki mwezi mmoja kabla ya mtihani, Mwalimu Maganga alitupa jaribio la swali moja tu: mbwa amefungwa, hatari imekwisha, eleza seli ya ini inarudije kwenye utulivu wake. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba adrenalini ikipungua, habari inaisha yenyewe. Akanirudishia daftari bila maksi hata moja. Alikuwa amezungushia neno langu kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika: Yenyewe? Nikajitetea kwamba ukurasa huo umechanwa kwenye kitabu changu. "Na kichwa chako," aliuliza, "nacho kimechanwa? Nenda kafikiri. Njoo na jibu Jumamosi." Angeweza kuniambia kwa sentensi moja. Hakuniambia, na wiki ile nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilitembea kurudi Isevya nikilia waziwazi, nikijiona tayari nimesimama kwenye matuta ya tumbaku na jembe mkononi.

Siku niliyofanya kosa ilikuwa katikati ya wiki hiyo. Asubuhi alikuja mgeni kutoka Kigoma kupimwa kanzu ya kuozeshea binti yake. Mzee alikohoa, Zuhura akatundika, uani pakachangamka. Mimi nilikuwa nimeinamia lile neno jekundu. Nilikuwa nimejaribu kila njia. Je, fosfeti inachakaa? Je, protini inachoka? Nilimsikia mgeni akiaga, nikasikia kiti kikisogezwa, nikainua kichwa, nikajiambia ngoja nimalize aya hii. Nikaimalizia, nikaingia nyingine. Mgeni akaenda zake stesheni. Mzee Seif akarudi kwenye cherehani yake. Kanga ikabaki kwenye msumari.

Nasimulia sasa yale niliyokuja kuambiwa baadaye, maana mimi nilikuwa mita mbili kutoka pale na sikuona kitu. Uani walingoja kanga ishuke. Haikushuka. Kahawa ilikuwa imeshapelekwa na Zuhura mpaka mlango wa sebule, kama desturi, na vikombe havijarudi. Bi Tausi akasema mgeni wa kukaa hivi si wa kanzu tu, huyu ana neno. Bi Mwanaidi akaongeza mchele. Kwa kuwa sasa ulikuwa mwingi, akaamua uwe pilau. Jirani mmoja alichungulia, akaiona kanga, akakunja mikono ya gauni akaanza kumenya vitunguu. Wasichana wakawa wanapitia mlango wa nyuma kuzunguka mtaa mzima wakienda dukani. Ilipofika saa tano na kanga ipo palepale, Bi Tausi alitamka kwamba pilau ya mgeni mkubwa kiasi hiki bila kuku ni aibu, na kuku pekee wa kuchinjwa siku ile alikuwa tetea wa Zuhura, ambaye Zuhura alimlea toka kifaranga. Zuhura alikubali. Alilia, lakini alikubali, kwa ajili ya heshima ya baba yake. Wakati huo baba mwenyewe alikuwa sebuleni peke yake akiwa na njaa, anashona, akishangaa harufu zote hizo na hakuna anayemletea chakula. Alikwenda kuswali adhuhuri akarudi. Waliposikia hatua zake wakasema, huyo mgeni ametoka kuswali na mzee, sasa ndiyo anarudi kula.

Saa nane kasoro mlango wa uani ulifunguliwa taratibu. Bi Tausi aliingia ukumbini amejitanda mpaka puani, amebeba sinia la pilau, nyuma yake jirani na bakuli la kuku, nyuma yake Zuhura mwenye macho mekundu. Wakati huohuo Mzee Seif alitokea upande wa sebule, mkono tumboni.

"Humu ndani leo hakuliwi?" aliuliza.

"Mbona unasimama, wageni umewaacha na nani?" Bi Tausi alinong'ona.

"Wageni gani?"

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Aliutazama msumari. Kisha wote wakautazama msumari. Kisha wote wakanitazama mimi.

"Vene."

"Abee, mama."

"Mgeni ameondoka saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

"Na hiyo kanga," alisema polepole, bila hasira, akitaka kweli kujua, "ulidhani itashuka yenyewe?"

Wengine wanasimulia kwamba nilicheka. Sikucheka. Nilipiga kelele, moja kali, mpaka sinia likatikisika mikononi mwa Bi Tausi, nikalivuta daftari nikaanza kuandika nikiwa nimesimama. Hakuna kinachoshuka chenyewe. Mgeni anaweza kuwa ameondoka zamani, adrenalini inaweza kuwa imekwisha kwenye damu, na bado fosfeti ipo palepale ilipobandikwa, na kila anayeiona anaendelea kupuliza mkaa. Lazima awepo mtu wa kuibandua. Lazima seli iwe na vimeng'enya vingine, tofauti na vile vya kubandika, ambavyo kazi yao ni hiyo tu. Bi Mwanaidi alinisogelea akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia, "Mama, nimepata jibu." Akanijibu, "Na Zuhura amepoteza kuku. Kwanza mtake radhi."

Nilimtaka radhi. Zuhura hakusema nami mpaka kesho yake, ingawa kuku wake alimla, tena paja. Pilau ile ililiwa na mtaa mzima, kwenye mikeka uani, Mzee Seif akisimulia kila anayeingia kwamba leo amekuwa mgeni nyumbani kwake na amehudumiwa vizuri kuliko siku zote za ndoa yake. Nilishiba, niliona aibu, na nilikuwa na furaha, yote matatu kwenye mkeka mmoja. Sijui kama nimewahi kula tena chakula kama kile.

Jumamosi nilimwambia Mwalimu Maganga jibu. Akaniuliza nimelipata kwenye kitabu gani. Nikamweleza habari ya kanga, tangu kikohozi mpaka tetea. Alisikiliza bila kutabasamu, akafuta kalamu yake, akasema, "Vimeng'enya hivyo vinaitwa fosfatasi. Kwenye mtihani andika hivyo. Ukiandika kanga watakusahihisha vibaya." Nilipofika mlangoni akaniita. "Mpe salamu zangu huyo mama."

Mtihani niliufanya na nilifaulu. Sitatia chumvi nikasema swali lile lilitoka, kwa sababu lililotoka ni la mimea, na nililijibu kwa utulivu wa mtu ambaye amekwisha kujua kwamba anaweza kuelewa kitu, siyo kukikariri tu. Siku niliyokwenda kuaga nilimletea Zuhura tetea kutoka Ulyankulu, amefungwa miguu kwenye kikapu, amenichafulia gauni njia nzima. Baada ya hapo nimeishi maisha yangu yote ya kazi kwenye maabara na madarasa. Wenzangu wengi walipenda kinasi, maana ndizo zinazoanzisha mambo. Mimi nilichagua fosfatasi, na nimewafundisha watu wengi kwamba yapo magonjwa, saratani kadhaa zikiwemo, ambamo seli inaendelea kugawanyika kwa sababu ya habari iliyopaswa kuwa imekwisha. Wanafunzi huuliza kwa nini nilijichagulia upande ambao hautazamwi na watu. Huwa nawaambia nilianza kazi hiyo nikiwa binti, sikuifanya vizuri, nikaona nirudie.

Basi Jumamosi ile ya arobaini nilishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba ya Isevya. Bati ni jipya, barabara imewekwa lami, cherehani haipo, na Mzee Seif alitangulia zamani. Hitima ilikuwa imekwisha, wanaume wa mwisho walikuwa wanavaa viatu barazani. Zuhura alinipokea sebuleni, mnene sasa, bibi wa wajukuu saba, tukakumbatiana tukalia tukachekana mvi. Akanishika mkono akanipitisha ukumbini. Mahali pa meza yangu pana friji. Na pale ubavuni mwa mlango wa uani, kwenye msumari uleule, ilining'inia kanga. Siyo ile nyekundu, iliyochakaa miaka mingi iliyopita. Hii ilikuwa ya rangi ya zambarau.

"Hiyo ni yake," alisema Zuhura. "Niliitundika mwenyewe siku ya msiba, wanaume walipojaa sebuleni. Wajukuu wametaka kuitundua mara ngapi, nimewakatalia. Siku arobaini watoto hawapiti ukumbini, redio haiwashwi, tunazungukia mlango wa nyuma kama wezi. Nikawaambia mwenye kazi yake yupo, atakuja."

Nikasogea. Kitambo kile nilikuwa nafika pale kwa kunyoosha mkono tu kutoka kwenye kiti. Safari hii nilisimama wima mbele yake. Nikaivuta kanga taratibu, nikaikunja mara nne, nikamkabidhi. Alikuwa ameiweka puani kabla sijaachia.

Kule uani watu waligeuka. Bi Tausi alikuwa palepale mkekani, mzee kupita kiasi, macho hayaoni vizuri lakini masikio mazima. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Vene?" Aliinua uso kuelekea mlangoni. "Wageni wameondoka?"

"Wameondoka, bibi."

"Haya," akasema, akipapasa mkeka kunitafutia nafasi. "Waambie watoto wawashe redio. Na sisi tule."